Bi Asiya Makame na Filamu Iliyoungua

Wasikilizaji wapendwa, mlio majumbani na mlio safarini, mlio wazima na mnaouguza, nawaamkia nyote. Anayezungumza nanyi ni Biasha Kibwana.

Jioni hii tunamkumbuka Bi Asiya Makame wa Msambweni. Bi Asiya alikuwa mpiga picha. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita katika hospitali ya Msambweni, akazikwa siku ya pili yake baada ya sala ya adhuhuri. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Huu ni mwaka wa nne ninakiendesha kipindi hiki. Nimewasimulia maisha ya watu wengi, na wengi wao sikupata hata kuwaona. Huyu nilimjua. Mama yake na mama yangu ni tumbo moja, naye alikuwa dada yangu. Na kuna jambo moja juu yake ambalo kwa miaka saba nililijua mimi peke yangu. Leo nitalisema. Lakini naombeni nianze mwanzo, mumjue kwanza, ndipo mjue alilotendewa.

Bi Asiya alizaliwa Msambweni na hakupata kuhama. Aliolewa na Bwana Jumbe, fundi wa picha za pasi na za vyeti. Bwana Jumbe aliinunua kamera yake kwa daktari mmoja Mzungu aliyekuwa akirejea kwao. Ilikuwa kamera ya kukunja. Ukibonyeza kitufe, mbele yake hufunguka, na mfuko wa ngozi nyeusi hutoka umekunjwakunjwa kama kinanda cha mkono. Mwili wake wote ulikuwa wa chuma. Ukiibeba kutwa, bega linakuuma.

Mwaka wa hamsini na sita Bwana Jumbe alifariki, akamwacha Bi Asiya na mtoto mmoja, Abdalla. Ndugu za marehemu walikuja kuichukua kamera. Mwanamke ataifanyia nini? Bi Asiya akawaambia, "Picha zote mlizoziona ukutani tangu mwaka wa hamsini na mbili, aliyezisafisha ni mimi. Yeye alikuwa akipiga tu." Wakaondoka mikono mitupu.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo Msambweni ilipopata mpiga picha mwanamke. Ilikuwa neema kubwa. Wanawake wengi wa pwani yetu walikuwa hawana picha hata moja, kwa kuwa mpiga picha mwanamume haingii ndani. Bi Asiya aliingia. Alipiga picha maharusi wakiwa wamepambwa, wazazi na watoto wachanga, na mashoga, marafiki wa kike, waliotaka kukumbukana. Aliitwa kazini huko Gazi, aliitwa Mwabungo, aliitwa hadi Jego. Filamu alizisafisha mwenyewe katika chumba chake cha giza, dirisha limezibwa kwa blanketi. Kisha picha na filamu yake zote mbili alimpa yule aliyepigwa. Hakubakisha kitu. Alisema, "Sura ya mtu ni amana."

Abdalla, mwanawe, ameniambia hivi: "Mama alikuwa akiifuta kamera ile kila Ijumaa, kabla hajasuka nywele zake. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiionea wivu."

Na ilikuwa kamera ngumu. Siku moja ilianguka kutoka juu ya basi pale Ramisi, ikagonga jiwe. Pembe ikabonyea. Bi Asiya akaifungua kwa ncha ya kisu mezani kwake, akainyoosha, na parafujo moja iliyopotea akaweka ya miwani ya jirani. Siku ya pili yake akaenda nayo arusini. Picha zikatoka safi.

Sasa nije kwangu mimi.

Mwaka wa sitini na tatu nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, ninafanya kazi ya kupiga taipu Mombasa. Ulikuwa mwaka wa mambo mapya. Tulikuwa tukingoja bendera mpya na wimbo mpya, na sisi vijana wa ofisini tulitaka kila kilicho mkononi mwetu kiwe kipya pia. Nikanunua kamera mpya. Ilikuwa nyepesi, inang'aa, na filamu yake ilikuwa ndogo, ya kopo, yenye picha thelathini na sita. Ile ya dada yangu ilipiga nane tu. Mwenye duka aliniwekea filamu, akanionyesha pa kubonyeza. Zaidi ya hapo sikujua kitu.

Nikapanda feri, nikashika basi, nikampelekea.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mwanangu. Hicho nini?"

"Kamera. Ya sasa. Tupa lile sanduku la chuma."

Aliipokea, akaipima kwa kiganja, akaigeuza. Akafungua mlango wake wa nyuma, akaufunga, akaufungua tena. Akasema, "Nyepesi. Lakini mlango huu mwembamba kama kifuniko cha kopo la samli. Na parafujo zake ziko wapi? Ikiharibika nitaifungulia wapi?"

"Haitaharibika, dada."

"Kila kitu huharibika, Biasha. Cha zamani walikitengeneza wakijua kitaharibika, ndiyo maana wakakuachia pa kukifungulia."

Tulibishana hivyo siku mbili, kwa mzaha. Mimi ninamwita bibi kizee, yeye ananiita Mzungu wa Likoni. Mwishowe akakubali. Hakukubali kwa sababu nilimshinda kwa hoja. Alikubali kwa sababu alinipenda. Alisema, "Basi Jumamosi nitaitumia. Nisikuvunje moyo."

Jumamosi hiyo, wasikilizaji, ilikuwa siku mbili baada ya Uhuru. Mwabungo kulikuwa na arusi, nyumbani kwa Bi Mwanaima. Binti yake, Mapenzi, alikuwa anaolewa Tanga. Na katika nyumba ile alikuwamo mama yake Bi Mwanaima, bibi yake bi arusi, jina lake Bi Mwanamkuu. Bi Mwanamkuu alikuwa amepita miaka themanini. Hakupata kupigwa picha maisha yake yote. Kila akiombwa alijibu, "Sura yangu aliyeiumba anaijua. Yatosha."

Lakini mjukuu alikuwa anakwenda mbali. Mapenzi alimshika miguu. "Bibi, nikikutamani huko Tanga nitatazama nini?" Bi Mwanamkuu alimwinua mjukuu wake. Kisha akasema, "Haya. Mara moja tu. Mwenyezi Mungu anisamehe."

Wakaketi mkekani. Bi Mwanamkuu katikati kwa leso yake nyeupe na nyekundu, Mapenzi kulia kwake na hina yake, Bi Mwanaima kushoto. Vizazi vitatu. Nilikuwapo. Bi Asiya alipiga picha tatu, taratibu, kwa ile kamera yangu mpya. Bibi hakucheka. Alitazama mbele kama mtu anayeulizwa jambo la kweli.

Baadaye, yapata saa saba mchana, Bi Asiya alikuwa amekwisha kupiga wengine wote. Mkono wa kuvutia filamu ukakataa kwenda. Akanipa kamera akasema, "Nishikie, nikanawe mikono. Filamu imekwisha. Usiifungue mpaka niirudishe ndani ya kopo lake." Alinena wazi. Nilimsikia wazi.

Nilikuwa uani, juani. Nikajiambia, huenda haikwisha, huenda imekwama. Na nikataka kuuona uso wa bibi yule. Nilikuwa mjinga kiasi hicho, wasikilizaji. Nilidhani ukiivuta filamu utaona watu humo. Nikafungua mlango. Nikaivuta filamu kwa kidole, ikaja ndefu, ya kijivu, haina kitu. Jua la kaskazi lilikuwa kichwani. Nikasikia ndara za dada yangu. Nikairudisha kwa kuisukumasukuma, nikafunga mlango. Alipofika nikampa kamera mkononi. Akasema, "Ahsante." Akairudisha filamu ndani ya kopo, akaivua, akaifunga katika kitambaa cheusi.

Sikusema neno.

Kesho yake alisafisha. Filamu ilitoka nyeusi, mwanzo hadi mwisho. Iliungua yote. Picha thelathini na sita, na zile tatu za Bi Mwanamkuu zikiwa ndani yake. Bi Asiya alitoka chumbani jasho linamtiririka, akaketi kizingitini, akaishika ile filamu kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nimesimama pale karibu naye. Akasema, "Nilisema mlango huu haukazi. Mwanga umeingia." Kisha akanitazama usoni kwa huruma, akasema, "Usilie, Biasha. Si kosa lako. Ni kosa la waliotengeneza."

Pale ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa. Nililia zaidi, na yeye akanibembeleza.

Bi Asiya akafunga safari kwenda Mwabungo. Hakumtaja aliyeileta kamera. Alimwambia Bi Mwanaima, "Nimekuharibia. Nilitumia kifaa nisichokijua. Kosa ni langu." Bi Mwanaima akamgeuzia mgongo. Bi Asiya alikuwa amechukua ile kamera yake ya zamani, akaomba apige tena. Bi arusi alikuwa amekwisha kwenda Tanga, lakini bibi alikuwapo. Bi Mwanamkuu akakataa. Alisema maneno ambayo Bi Asiya alinisimulia mwenyewe, na mimi sijayasahau hata siku moja. Alisema, "Nilikubali mara moja, Mungu akaifuta. Amenionyesha kuwa nimekosa. Niache nitubu."

Na kweli alitubu. Tangu siku ile bibi yule aliongeza sala na tasbihi. Alifunga siku za sunna mfululizo, hali nguvu hana. Watu walimsihi ale, hakutaka. Ramadhani ikamkuta dhaifu, na siku ya tisa ya mfungo akafariki.

Wasikilizaji wapendwa, bibi yule alikufa akiamini kwamba Mungu aliufuta uso wake. Haikuwa hivyo. Aliyeufuta ni mimi, kwa kidole changu.

Watu wakasema. Huko Mwabungo walisema Asiya ana kiburi, anakimbilia vya kisasa. Wengine walisema maneno mabaya zaidi, kwamba filamu haikuungua, ameipeleka mjini ikatazamwa na wanaume. Mtu aliyekuwa akirudisha kila picha kwa mwenyewe! Na vibarazani Msambweni ikawa mfano. Wazee wakibishana juu ya baiskeli, taa, hata sufuria, vya zamani au vya siku hizi vipi bora, mmoja atasema, "Mmesahau kamera ya Asiya? Vya zamani viliundwa. Vya siku hizi vinabandikwa." Mabishano yakaishia hapo. Ushahidi ulikuwa uongo wangu.

Bi Asiya alinirudishia kamera yangu ndani ya boksi lake. Hakugusa kamera mpya tena. Akabaki na ile ya zamani. Na ya zamani nayo ilikuwa imechoka. Mwaka wa sitini na sita mfuko wa ngozi ulianza kupasuka kwenye mikunjo. Akabandika viraka vya kitambaa cheusi kwa gundi. Picha zikaanza kutoka na michirizi myeupe. Filamu za saizi ile zikaadimika madukani. Ukunda akafungua studio kijana mmoja, Jefwa, mwenye kamera ya kisasa na picha za siku moja. Picha za pasi zikaenda kwake. Za shule zikaenda kwake. Mwishowe hata maharusi, wakijifunika, wakaenda kwake.

Jefwa huyo, na namshukuru kwa hilo, alimwendea Bi Asiya kwa heshima. Akamwambia, "Mama, chukua moja yangu, tufanye kazi pamoja. Wewe uingie ndani, mimi nibaki nje." Abdalla alikuwapo. Anasema mama yake alimjibu, "Mwanangu, ahsante. Lakini kamera hizi zinaingiza mwanga. Mimi nimekwisha kumuudhi mtu mzima mpaka kufa kwake. Siwezi kuwafanyia watu hivyo mara ya pili."

Akaacha kupiga picha mwaka wa sitini na saba. Akawa anashona vitambaa na kuuza mahamri. Mpiga picha wa Msambweni, wasikilizaji, alikuwa anauza mahamri.

Na kamera yangu mpya? Ninayo mpaka leo. Nimeitumia miaka saba. Imepiga arusi yangu, imepiga watoto wangu wawili, imepiga mvua na jua. Haijaunguza filamu hata moja. Mlango wake mwembamba unafunga barabara, na ulifunga barabara tangu siku ya kwanza.

Kwa sababu hiyo sikuweza kumwonyesha Bi Asiya picha zangu. Angezitazama, angejua ni kamera ipi, angejua haina kasoro. Angehesabu mwenyewe. Basi nikawa simpelekei. Aliniandikia barua, "Mbona hunitumii picha za watoto? Au wanafanana na baba yao?" Mwaka juzi alikuja Mombasa kunitembelea. Niliposikia sauti yake ikibisha hodi, kabla sijamfungulia mlango, nilikimbia chumbani nikaificha albamu kabatini, chini ya leso. Alikaa siku tatu. Alasiri moja alinikuta ninakunja nguo, akasema, "Biasha, nyumba hii haina picha hata moja. Na dada yako ni mpiga picha. Watu watanicheka."

Nikamjibu, "Sina muda, dada."

Akasema, "Basi ningekuja na ile yangu nikawapige. Lakini ina matundu sasa." Akacheka. Mimi nikaendelea kukunja nguo.

Mtu akiniuliza leo kama kamera za zamani zilikuwa bora kuliko mpya, nitamjibu kwa haki. Ile ya Bi Asiya iliundwa kwa chuma na ngozi, na mwenye kisu na subira aliweza kuitengeneza mezani kwake. Ile yangu ikivunjika, imevunjika. Hayo aliyasema mwenyewe siku ya kwanza, na alikuwa mkweli. Lakini kwamba kamera mpya iliunguza filamu ya Mwabungo, hapana. Hiyo si kweli. Haikuwa kweli hata siku moja.

Jumapili wiki iliyopita nililetewa habari kuwa amelazwa, moyo wake umechoka. Jumatatu nilikuwa kitandani pake. Alikuwa macho. Alinishika mkono akaniuliza watoto. Nikajikaza. Nikasema, "Dada, ile filamu ya Mwabungo..."

Akafumba macho. Akasema, "Usinikumbushe hiyo, mwanangu. Nikiikumbuka nakosa pumzi."

Nikanyamaza. Nilijiambia ninamhurumia, nisimzidishie maradhi. Labda ilikuwa huruma. Lakini nilihisi nafuu, wasikilizaji, na mtu anayehurumia hahisi nafuu vile. Niliondoka jioni. Alfajiri akafariki.

Siku ya hitima nilimkuta Bi Mwanaima ameketi pembeni na wanawake wa Mwabungo. Alikuwa amekuja kumwombea mtu ambaye hakusema naye miaka saba. Nikamwomba tukae faragha, nikamwita na Abdalla. Nikawaambia yote, kama nilivyowaambia ninyi.

Abdalla aliinuka akaenda kusimama dirishani. Bi Mwanaima alinitazama bila kupepesa. Akasema, "Mamangu alikufa akidhani Mungu amemkasirikia. Na Asiya, siku za Idi nilipita mlangoni pake sikumpa mkono. Wewe ulikuwa ukijua."

"Nilikuwa nikijua, mama."

"Sasa waniambia mimi, hapa, naye yuko chini." Akavuta buibui lake. "Kunong'ona chumbani hakunifai. Asiya tulimsema mbele za watu. Wewe una redio. Kaseme mbele za watu."

Nikamgeukia Abdalla, nikamwomba msamaha. Hakugeuka. Alisema, "Samahani ya mama siwezi kuitoa mimi. Hakuniachia. Na yangu, niache kwanza."

Basi nimekuja kusema. Bi Asiya Makame hakuharibu picha ya Mwabungo. Hakuwa na kiburi, wala hakuipeleka filamu popote. Iliyoharibu ni mikono yangu, na kilichomharibia kazi yake ni kimya changu. Wakubwa wa redio hawakujua nitasema haya. Wakiniondoa kwenye kiti hiki, wana haki.

Kwa Abdalla, kwa jamaa wote wa Msambweni, na kwa kila bibi arusi ambaye picha yake ilipigwa na mkono ule, natoa mkono wa rambirambi. Mwenyezi Mungu amlaze Bi Asiya mahali pema, na amrehemu Bi Mwanamkuu, ambaye hakuwa na dhambi ya kutubia. Na nanyi wasikilizaji wapendwa, kama yuko mtu anayebeba kosa lenu huku akiwabembeleza, msimngoje apone, msingoje muda ufaao. Mwendeeni angali anasikia.

Nimeambiwa kuwa jioni hii redio ya Bi Mwanaima imewekwa uani, na watu wa Mwabungo wamekusanyika hapo, Abdalla akiwa miongoni mwao. Kesho asubuhi nitavuka Likoni niwafuate. Nitasimama nje ya mlango wa Bi Mwanaima nibishe hodi. Kama nitaitikiwa, "Karibu," sijui.